Ugonjwa Tuliomsingizia Bibi Yako

Leokadia mwanangu,

Umetoka kwenda kusukwa, na msusi wako namjua, maneno yake ni mengi kuliko kasi ya vidole vyake. Kwa hiyo nina muda. Nimefunga mlango wa mbele na pazia nimeshusha. Baba yako yuko shambani Mwamkulu na mdogo wako Petro nimemsukumia hukohuko, ili asije akachungulia ninachoandika. Unanijua. Mimi mtu akinisalimia kwa furaha kupita kiasi nashuku ana jambo.

Habari za kupika, kufua na kukaa na wakwe shangazi zako wamekuambia mpaka masikio yamechoka, mimi sizirudii. Nina jambo moja tu, nimelikalia tangu ukiwa mtoto wa shule ya msingi. Nimejaribu kukuambia kwa mdomo wiki hii yote. Kila nikianza, naishia kukuuliza kama umepaki sweta.

Nianze na ninachokishuku. Juzi nilikaanga dagaa, ukatoka jikoni mbio, ukasema moshi umekuzidi. Moshi gani, mwanangu? Tunapikia gesi. Jana chai ya maziwa umeiacha ikaganda utando, wewe uliyekuwa unagombana na Petro kwa ajili ya utando huohuo. Sikuulizi. Ndoa mmefunga, hakuna wa kukunyooshea kidole. Lakini kama nimeona sawasawa, basi muda si mrefu utakaa kwenye benchi la kliniki huko Karema unakohamia, nesi atakutoboa kidole, atadondosha damu kwenye kile kipimo chao, na kipimo kinaweza kuonyesha kaswende. Mumeo Elisha atakuwa amekaa pembeni yako. Atageuka akuangalie. Namna mwanaume anavyoangalia wakati huo naijua, kwa sababu baba yako aliniangalia hivyo.

Tafadhali usiikunje hii barua. Soma mpaka mwisho. Hakuna kosa ulilofanya. Ulizaliwa nayo, ukatibiwa, ukapona, na mimi nikakuficha.

Umekua ukijua wewe ni mtoto wetu wa kwanza. Siyo kweli. Wewe ni wa tatu.

Baba yako aliponioa, ndugu zangu hawakusema wazi kwamba hawamtaki. Sisi ni Wakonongo wa hapahapa, yeye ametoka Mishamo, mtoto wa watu waliokuja wakikimbia kutoka Burundi. Walikula pilau la harusi, wakacheza, lakini mama yake alipoongea Kirundi na dada zake, upande wetu walinyamaza na kutazamana, kana kwamba kila neno wasilolielewa lilikuwa linawahusu. Na mimi nilikuwa miongoni mwao. Nilimpenda mume, ila mama yake nilimwekea jicho.

Mimba ya kwanza mtoto alifia tumboni, miezi ikiwa imekaribia kutimia. Nilikuwa nimeenda kliniki mara moja tu. Waliniambia vipimo vya damu vimeisha, niende hospitali ya mjini, na nije na mume. Mume akasema kliniki ni mambo ya wanawake. Hospitali sikwenda. Yule mtoto tulimzika bila jina, na watu wakaniambia inatokea, utapata mwingine.

Nikapata mwingine. Aliitwa Boniface. Ni kaka yako. Alizaliwa mwembamba kidogo, lakini alilia kwa nguvu na alinyonya vizuri, tukafurahi. Bibi yako akaja kutoka Mishamo kunilea uzazi. Alikuja na mawese, maharage na kitenge kipya cha kumbebea mjukuu. Yeye ndiye alikuwa anamwogesha, kwa sababu mimi nilikuwa bado naumwa.

Wiki chache zikapita, mafua yakaanza. Usifikirie mafua ya kawaida. Pua ilikuwa imeziba usiku na mchana, inatoa majimaji mazito, mengine yana damudamu, na akinyonya inabidi aachie ziwa apumue kwa mdomo. Nikamkumbuka bibi yako akimsogezea mtoto puani majani aliyoyafikicha mkononi, eti yafungue pua. Nikajiuliza, yalikuwa ya kufungua au ya kufunga?

Baadaye viganja na nyayo vikatoka madoa, kisha ngozi ikaanza kubanduka, kama mtu aliyeungua maji ya moto. Nikashuku maji ya kuogea. Nikawa naingiza mkono kwenye beseni kabla yake, na maji ni vuguvugu, mazuri tu. Nikashuku basi kuna kitu ameweka ndani. Tumbo la mtoto likavimba, upande wa kulia pakawa pagumu. Macho yakawa ya njano. Na mwisho, mkono wa kushoto ukaacha kusogea. Ulilala tu pembeni, na mtu akiugusa, Boniface alikuwa analia kilio ambacho mpaka leo sijakisikia kwa mtoto mwingine.

Hapo nikawa na uhakika. Nilijiambia, huyu mama amemvunja mwanangu mkono.

Hivi sasa nikikuandikia najua kila kimoja kilikuwa nini. Pua, ngozi, ini, manjano, na ule mkono ambao haukuwa umevunjika wala kupooza. Mifupa ya ndani ilikuwa imeshikwa na ugonjwa, inauma, na mtoto alikuwa anaulinda mkono wake kwa kutousogeza. Vyote vilikuwa kitu kimoja. Lakini mimi nilikuwa nahesabu dalili za uchawi, na kila dalili niliipa kosa lake na kosa nikalipa jina la bibi yako. Simulizi yangu ilikuwa haina pengo hata moja. Ndiyo maana leo nikiona habari ya mtu imejipanga vizuri sana kichwani mwangu, naiogopa.

Sikumwuliza. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine. Nililala naye nyumba moja, nikala ugali wake, na sikumwuliza hata mara moja, "Mama, huu mkono umeonaje?" Nilienda kwa mganga badala ya hospitali. Mganga akaniuliza nani anamshika mtoto kuliko watu wote. Nikamtajia. Akatikisa kichwa tu. Hakuhitaji kusema neno, mimi nilikuwa nimeshamsaidia kazi yake yote.

Boniface alifariki alfajiri, mgongoni kwangu, nikiwa nimeshaamua hatimaye kumpeleka hospitali.

Msibani nilisema. Nililia nikasema, "Mwulizeni huyu mama alichomfanya mwanangu." Maneno hayo yalitosha. Kabla ya jioni vijana walikuwa wamesimama makundimakundi nje, na mmoja niliyemjua vizuri, aliyekuwa anapiga kinanda kanisani, alikuwa ameshika dumu la petroli kama mtu aliyebeba maji. Baba yako alimtoa mama yake kwa mlango wa uani, akamfunika khanga kichwani, akampandisha pikipiki ya kukodi. Hakuchukua hata viatu vyake. Viatu vilibaki mlangoni, watu wakavipiga teke mpaka barabarani, na mimi nilikuwa naangalia dirishani.

Ndiyo maana bibi yako aliishi Mishamo miaka yote ile ya utoto wako. Uliponiuliza mbona Bibi haji kututembelea, nilikuambia ana shamba kubwa. Shamba halikumzuia. Alikuwa anaogopa kuchomwa moto.

Ulipoingia tumboni mwangu, nilikuficha. Nilishuku kila jicho. Nilivaa magauni mapana, nikaacha kwenda kuchota maji na wenzangu, na kliniki sikukanyaga kabisa, kwa sababu kule wajawazito wanakaa benchi moja na nilihisi mmoja wao ametumwa. Nilijifungulia nyumbani kwa mama yangu mdogo. Nilidhani nakulinda. Kule kliniki nilikokimbia ndiko wangenipima, wangenichoma sindano ya penisilini, na wewe ungezaliwa bila chochote.

Ulizaliwa mnene, mzuri. Hakuna mafua, hakuna madoa. Nikamshukuru Mungu, na moyoni nikasema, si mnaona, yule mama hayupo, na mtoto ni mzima. Ulipoota meno ya utotoni yalikuwa ya kawaida. Yalipong'oka na ya ukubwani kutoka, yale mawili ya mbele juu yalitoka membamba, yameachana, na kila moja lina kibonyeo chini kama limeng'atwa na kitu. Watoto wenzako wakakucheka, ukajifunza kucheka umefunika mdomo. Nilidhani ni meno tu.

Halafu macho. Hayo unayakumbuka, ulikuwa mkubwa. Yalianza kuwa mekundu, yanatoa machozi, mwanga hutaki hata kuuona. Ulikuwa unajificha chini ya kitanda, umejifunika khanga yangu, na ukitolewa nje unapiga kelele. Jicho la kushoto likaanza kuwa na ukungu mweupe. Mimi nilikuwa najua tayari ni nani. Nilimwambia baba yako, "Mama yako ametufuata." Akanyanyuka akatoka nje, hakula siku ile.

Lakini yeye ndiye aliyekupeleka hospitali. Hilo nimpe haki yake. Alisema, "Huyu simpeleki kwa mganga, hata ukinifukuza." Nami nikafuata nyuma nikiwa nimenuna.

Siku hiyo tulimkuta daktari wa macho, mama mmoja mnene mwenye sauti ya taratibu. Alikumulika macho ukiwa unalia, akakubembeleza, kisha akasema, "Hebu cheka mama, nione meno."

Nikamwambia, "Dokta, nimemleta macho, meno hayamuumi."

Akasema, "Najua. Cheka kidogo tu."

Ukafunua mdomo. Akaangalia yale meno mawili kwa muda. Akashuka kwenye miguu, akapitisha kidole kwenye mfupa wa mbele wa muundi, ambao wa kwako umejipinda kidogo kwenda mbele, akakuita jina kwa sauti ndogo akiwa nyuma yako kuona kama unasikia. Unasikia vizuri. Akashusha pumzi. Halafu akanigeukia.

"Mama, umeshawahi kupoteza mtoto?"

Nikajiuliza nani amemwambia. Nikamwangalia baba yako, nikashuku wameongea pembeni. Nikasema, "Nani kakuambia?"

"Hajaniambia mtu. Meno ya mtoto na macho yake yananiambia niulize."

Nikamweleza wa kwanza. Akaniuliza wa pili alikuwaje. Nilianza na pua. Sikuwa nimefika kwenye viganja, yeye akasema, "Na ngozi ya mikononi na miguuni ilibanduka?" Nikaitikia. "Na kuna mkono au mguu alikuwa hausogezi?"

Leokadia, nilisimama. Nilimwuliza kama na yeye ni mganga.

Hakucheka. Akamwita nesi akupeleke nje ukapewe biskuti, akafunga mlango, akatueleza mimi na baba yako kama anavyowaeleza watoto, bila kuharakisha. Alisema mama mwenye kaswende kwenye damu anaweza kuonekana mzima kabisa, hana kidonda, hana homa, na ugonjwa ukapita kwenda kwa mtoto tumboni. Wengine wanafia hukohuko. Wengine wanazaliwa na dalili zinatokea mapema, kabla hawajatimiza miaka miwili, na mara nyingi ni wiki za mwanzo: pua ile, ngozi ile, ini, mifupa. Hiyo ndiyo ya mapema, na ndiyo ya Boniface. Na wengine wanazaliwa wanang'aa, wanakua, mama anasahau, halafu baada ya miaka miwili, au mitano, au hata kumi na zaidi, inajitokeza kwa njia nyingine: macho, meno ya ukubwani, mifupa ya miguu, magoti kuvimba, pua kubonyea, masikio kuziba. Hiyo ni ya kuchelewa. Hiyo ndiyo yako.

"Ni ugonjwa mmoja," alisema. "Ila unabisha hodi kwa wakati tofauti."

Tukapimwa wote watatu. Wote watatu tulikuwa nayo.

Hapo ndipo baba yako aliponiangalia vile. Tulipotoka nje, kwenye ile njia ya kwenda getini, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nani alikupa?"

Nikamjibu, "Na wewe ulipokuwa unaenda ziwani kununua dagaa, ulikuwa unalala wapi?"

Tulitembea mpaka nyumbani, wewe ukiwa katikati umeshika mkono wa kila mmoja, umefunikwa khanga usoni. Baba yako aliondoka akalala Mwamkulu kwenye kibanda cha kulindia mpunga, siku nyingi. Mimi nikapekua mifuko ya makoti yake ya zamani. Sijui nilikuwa natafuta nini. Ugonjwa wa miaka yote ile hauachi tiketi mfukoni.

Sikuwa malaika kabla ya ndoa. Nilikuwa na mtu, na hilo baba yako analijua. Na yeye alikuwa na maisha yake ya ziwani. Daktari alisema kidonda cha mwanzo cha kaswende huwa hakiumi, na kinapona chenyewe, kwa mwanamke kinaweza kukaa mahali ambapo hata hakioni. Kwa hiyo anaweza kuwa ni mimi. Anaweza kuwa ni yeye. Baba yako alirudi kumwuliza yule daktari hilohilo, nani alimletea nani, na mama yule akamjibu, "Kipimo hakijui nani kaileta, baba. Kinajua nani anahitaji sindano." Akachomwa, nikachomwa. Zinauma, hazifichiki, tulikuwa tunatembea tunachechemea kama watu waliopigwa. Wewe ulilazwa ukachomwa za kwako, na matone ya macho ukawekewa, na ukaanza kutoka chini ya kitanda. Jicho la kulia likasafika. La kushoto lilibakiza ule ukungu mdogo, kwa sababu tulichelewa. Meno dawa hairudishi.

Mpaka leo hatujui ni nani. Ukiniuliza kama nimeacha kushuku, nitakudanganya nikisema ndiyo. Kuna siku simu yake inaita naangalia jina kabla yake. Kuna siku namwona ananiangalia nikiongea na muuza mkaa. Tumezeeka na hicho kitu ndani ya nyumba. Petro alizaliwa baada ya matibabu, nilihudhuria kliniki kila waliponiita, baba yako akakaa benchi na mimi, akapimwa mbele ya wanawake, na mtoto akatoka mzima, meno yake si unayaona. Ndivyo tulivyokaa pamoja. Hatukumpata mwenye kosa. Tulichoka kumtafuta.

Lakini kulikuwa na mtu mmoja tuliyejua hakika kwamba hakuwa na kosa.

Nilipanda gari kwenda Mishamo peke yangu, baba yako alitaka twende wote nikakataa. Nilimkuta bibi yako anapalilia maharage. Alipoona ni mimi aliangalia kwanza nyuma yangu kama kuna watu nimekuja nao. Jembe hakuliachia. Nilipiga magoti kwenye matuta. Nikamwambia, "Mama, Boniface aliuawa na ugonjwa ambao mimi nilikuwa nao. Siyo wewe."

"Ugonjwa gani?"

"Wa damu."

"Wa damu upi? Damu ina magonjwa mengi."

Nikasema, "Kaswende."

Akasema, "Sekeneko," kama wazee wanavyoiita, akakaa chini kwenye udongo, jembe likiwa mapajani. Kisha akaniambia kitu ambacho sikukitegemea.

"Mwana wanje, mwanangu, ule mkono niliuona kabla yako. Nilikuwa namwogesha nimemshika kiunoni ili nisiuguse. Nilijua unamuuma."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani umemlalia usiku. Wewe ulikuwa mgonjwa, unalala kama umekufa. Nikasema nikimwambia atajua namshuku, atanichukia. Nikanyamaza."

Umeelewa, mwanangu? Mimi nilimshuku yeye, nikanyamaza. Yeye alinishuku mimi, akanyamaza. Na mtoto alikuwa katikati yetu, mkono umelala. Kama mmoja wetu angemkasirikia mwenzake kwa sauti, kama tungegombana tu jikoni tukarushiana vyungu, tungeulizana, tungebishana, na mwishowe tungempeleka hospitali ili kila mmoja athibitishe kwamba siyo yeye. Sindano ilikuwepo mjini. Ilikuwepo muda wote ule.

Nilimwomba arudi nyumbani na mimi. Alikataa. Alisema, "Wewe umeniambia mimi. Wao nani amewaambia?"

Kwa hiyo nikawaambia. Jumuiya yetu ilisali kwetu Jumamosi iliyofuata, na walipomaliza nikasimama nikasema Boniface alikufa kwa kaswende niliyompa tumboni, na mama mkwe wangu hakumgusa kwa ubaya. Wengine walijifanya wanatafuta viatu. Yule mpiga kinanda alitoka nje bila kuaga. Vitumbua vyangu watu waliacha kununua kwa muda, wakawa wananipita pale barabarani wanaangalia upande wa pili. Nilijitaja mimi, nikamtaja marehemu. Wewe sikukutaja, na daktari nilimwomba asikuambie. Uliporudi siku moja kutoka shule unalia kwamba kuna mtoto amesema mama yako ana ugonjwa mchafu, nikakuambia ni maneno ya watu. Ulikuwa na umri wa kuelewa, nikakudanganya ukinitazama. Nilikuwa nimewaambia majirani wote, wewe nikakuruka.

Bibi alirudi, na mengine unayajua, maana ndiye aliyekulea mpaka umefika hapo. Sasa hivi nasikia anakohoa chumbani kwake, na nashuku anajua ninachoandika, kwa sababu amezima redio.

Sasa sikiliza haya machache, halafu nikuache.

Wewe umepona. Lakini kile kipimo cha haraka cha tone la damu kinaweza kuendelea kuonyesha kaswende mpaka uzeeni, hata kama mwilini haipo tena, kwa sababu damu inakumbuka. Mwambie nesi mapema kwamba ulizaliwa nayo na ulitibiwa utotoni. Kipo kipimo kingine cha kuangalia kama ipo hai, uliza kama wanacho. Wakisema watakuchoma sindano tena kwa usalama wa mtoto, kubali, usibishane. Uliyozaliwa nayo na ikatibiwa huwezi kumpa mwanao. Ila kupona siyo kinga. Mtu anaweza kuipata upya, na ndiyo maana Elisha naye apimwe, akae benchi kama baba yako alivyokaa. Akisema kliniki ni mambo ya wanawake, mwambie mama mkwe wake ana makaburi mawili yaliyotokana na maneno hayohayo.

Na nenda mapema. Usisubiri tumbo lionekane. Usinifiche hata mimi.

Elisha namwona kijana mzuri. Ana mikono yenye mafuta ya injini, anaongea kidogo, na anapokutazama hajali lile jicho la kushoto. Bado simwamini, simwamini mtu upesi, wewe usinifuate kwa hilo. Mwambie kabla ya kipimo. Siyo baada. Baada, kila neno lako litasikika kama kujitetea. Kabla, ni habari tu ya mke wake alipokuwa mtoto. Mpe hata hii barua aisome kama ulimi utakuwa mzito, pamoja na hapa ninaposema simwamini.

Akiuliza maswali, mjibu. Akikasirika, muache akasirike kwa sauti. Akinyamaza, hapo ndipo unipigie simu. Nitapanda gari la Karema asubuhi inayofuata, nikae mbele yake na mbele ya mama yake na ndugu zake wote, nitaje jina la ule ugonjwa kwa mdomo wangu, nimweleze uliupata wapi, ukiwa hujafungua macho, hujamjua mwanaume yeyote duniani. Na kama watataka kumshuku mtu, nitakuwa nimekaa palepale, wanishuku mimi.

Mama yako